Kusikiliza Vyura wa Masika

Husemwa kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na mithali hiyo ni ya haki kwa upande wa ng'ombe, maana si yeye aliyekuwa akisemeshwa. Anayesemeshwa ni chura jike aliyejificha kimya kandoni mwa maji, ambaye katika ghasia ya sauti mia huichagua sauti ya jinsi yake peke yake, akaiendea, na nyingine zote akaziacha zipite. Mwongozo huu umekusudiwa kumwezesha msomaji kufanya japo nusu ya kazi hiyo: kusimama karibu na kinamasi usiku wa mvua, kuipambanua ile inayodhaniwa kuwa kelele moja, na kujua, kutokana na waimbaji waliojitokeza, mvua imefika wapi na maji yake yaelekea kukaa muda gani. Kwamba vyura wanalia ni habari ndogo. Habari yenyewe ni vyura gani wanaolia.

Yafaa kwanza kuiondoa dhana moja kongwe. Wengi husema kuwa chura huiita mvua, na mtu aliyelala dirisha wazi mwishoni mwa kiangazi, akasikia mlio mmoja kichakani na kesho yake akaona mawingu, halaumiwi kwa kuamini hivyo. Walakini chura haiiti mvua. Ngozi yake ni nyembamba, hupitisha maji na hewa, na kwa kuwa ukavu ni adui yake wa kwanza, hutoka mafichoni mara anga linapolowa unyevu. Katika nchi za kaskazini ya dunia kinachowaamsha vyura ni joto la machipuko baada ya baridi kali, na ndiyo sababu huko mlio wao wa kwanza ni bishara ya kwamba barafu imeshindwa. Pwani yetu haijapungukiwa na joto hata siku moja; inachokosa ni maji. Basi bishara ya vyura wetu hufuata mvua mbili: zile za masika, zinyeshazo tangu Machi hadi Mei wakati kaskazi inapolegea na kusi kushika, na zile za vuli, ambazo huja kati ya Oktoba na Desemba, na zote mbili huletwa na ukanda mmoja wa mawingu ambao hulifuata jua likivuka ikweta, mara likielekea kaskazini, mara likirejea kusini.

Mahali pa kusikilizia pachaguliwe mchana, tena pachaguliwe kwa kuulizwa swali moja: je, maji haya hukauka? Bwawa la mwaka mzima aghalabu lina samaki, na samaki hula mayai na viluwiluwi. Dimbwi la msimu halina samaki, na kwa hiyo vyura wengi wa pwani hulipendelea, ijapokuwa huhatarisha watoto wao kwa kiangazi kitakachokuja kabla hawajaota miguu. Ukipata mahali penye yote mawili, dimbwi la msimu upande mmoja na maji ya kudumu yenye matete na mayungiyungi upande wa pili, umepata darasa kamili. Aliye Malindi au Watamu na aende kwenye madimbwi ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao eneo lake ni kilomita za mraba 420 hivi. Aliye Pemba ana mabonde ya mpunga. Aliye Dar es Salaam ana misitu ya Pugu, na hata bonde la Msimbazi, ambalo watu hulikumbuka kwa mafuriko yake tu. Mkazi wa Kwale amependelewa kupita wote, kwa sababu katika vilima vya Shimba yumo chura mdogo wa matete, mweusi mwenye michoro myekundu, asiyepatikana popote pengine duniani. Wala asiye na safari asikate tamaa: mtaro ulioziba nyuma ya nyumba una waimbaji wake.

Mintarafu ya hadhari, jambo la kwanza ni kichocho. Konokono wa maji baridi hutoa vijidudu vipenyavyo ngozi ya mtu, na ugonjwa huo umewasumbua watu wa Unguja na Pemba kwa miaka mingi mno; basi usiingie majini miguu mitupu hata kwa hatua mbili, bali vaa mabuti ya mpira yafikayo magotini, na kama maji yanazidi kimo cha buti, baki ukingoni. Nyoka nao huja bwawani kwa karamu ya vyura, kwa hiyo mulika mahali unapoweka mguu kabla ya kuuweka. Kingo za mito mikubwa, kama Rufiji na Tana, ziache kabisa usiku, kwa sababu ya mamba na kiboko. Vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Nenda na mwenzako, na kabla ya yote piga hodi kwa mwenye shamba au wazee wa mahali, maana mtu anayezungukazunguka bondeni na tochi saa tatu ya usiku huweza kudhaniwa mwizi, au jambo baya zaidi.

Fika kabla ya magharibi, jua lingali na mwanga, uone majani yamekaaje na maji yameishia wapi. Usiku wa kufaa ni ule uliofuata mvua nzito ya mchana, wenye hewa ya fukuto na upepo mdogo. Upepo mkali huwanyamazisha wengi. Utakapokaribia, sauti zote zitakatika ghafula. Hapo ndipo wasio na subira huondoka wakasema hapana kitu. Zima tochi, keti, usiseme neno, na ungoje dakika kumi au robo saa. Kwanza atajaribu mmoja, kisha jirani yake atamjibu, na punde si punde jamii nzima itakuwa imekusahau.

Sasa, usianze kwa kuuliza huyu ni chura gani. Anza kwa kuuliza sauti hii inatoka kimo gani. Swali la kwanza huwachanganya hata wenye ujuzi, lakini la pili hujibiwa na masikio yoyote mazima, na jibu lake hupunguza sana idadi ya wanaoshukiwa. Yako matabaka manne: ukingo wa nchi kavu, uso wa maji, matete, na miti. Funga macho, ulitenge tabaka moja baada ya jingine, na usihamie la pili kabla ya kulimaliza la kwanza.

Ukingoni ndiko kwenye makelele. Mkoromo mzito unaokatikakatika, krrr, krrr, ambao dume mmoja akiumaliza tu jirani yake huudaka, ni wa yule chura mkubwa wa ngozi ya vipele aonekanaye mijini chini ya taa za barabarani akiokota wadudu. Wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis. Mayai yake ni shanga nyeusi ndani ya uzi mrefu wa utelezi, maelfu kwa maelfu. Kando yake, juu kidogo ya maji, utasikia sauti kali za haraka za vyura wenye pua iliyochongoka na miguu mirefu, warukao mbali kupita wenzao wote. Na mbali zaidi, pengine hatua nyingi kutoka majini, chini ya majani yaliyolala, hutoka mlio mmoja mfupi unaopanda, pwoip!, ukanyamaza, kisha ukajibiwa na mwingine upande wa pili. Huyo ni Kassina senegalensis, mwenye mistari myeusi mgongoni, ambaye hatembei kwa kuruka bali kwa kukimbia. Huanza kulia alasiri akiwa mafichoni, na kadiri giza linavyoingia ndivyo anavyosogea majini. Ukikaa mahali pamoja tangu saa kumi na moja hadi saa tatu utaisikia safari yake yote bila kumwona hata mara moja.

Waimbaji wawili wa ukingoni wastahili kungojewa kwa hamu, kwa kuwa hawaji kwa mvua ya kubahatisha. Mmoja ana mtetemo mrefu, mtamu, wa sekunde kadhaa pasipo kituo, unaosikika toka mbali na kudhaniwa kuwa wa mdudu au ndege. Mwenyewe ni mweusi anayeng'aa, mwenye mistari miwili ya rangi ya chungwa au nyekundu ubavuni, hutembea badala ya kuruka, na chakula chake ni sisimizi na mchwa. Rangi hiyo ni onyo: utomvu wa ngozi yake huwasha na kudhuru, basi mtazame na umwache. Wa pili ni chura mnene ambaye kiangazi chote hujizika ardhini, akaibuka baada ya mvua kubwa, akalia kwa kubweka kwa mkato kama mtoto wa mbwa, akazaa, na katika siku chache akatoweka. Huyu ndiye yule ambaye katika baadhi ya nchi za kusini huliwa, na kwa unene wake sishangai.

Juu ya uso wa maji sauti ni ndogo lakini zina watu wake. Katika mayungiyungi hukaa chura wa kijani asiyezidi sentimita mbili na ushei, mwepesi wa umbile hata mwanga wa tochi hupenya mwilini mwake, ambaye jike wake hutaga mayai baina ya majani mawili yaliyolaliana. Mlio wake ni tiki-tiki za haraka. Pamoja naye yuko Hyperolius argus, mwenye mlio wa kwek, kwek usiochoka, na ambaye dume na jike wake hawafanani kabisa: dume ni kijani au manjano, na jike ni wa hudhurungi mwenye madoa meupe yaliyozungushiwa wino mweusi, hata asiyejua huapa kwamba ameona jinsi mbili. Chini ya maji nako kuna mwimbaji, chura asiye na ulimi, ambaye hulia kwa vidoko akiwa amezama. Lakini huyo hasikiki kwa sikio la ukingoni.

Katika matete mwenye kujulikana upesi ni yule anayegonga mara mbili au tatu kwa nguvu na kupumzika, mithili ya fundi anayepigilia msumari. Ni wa kijani au manjano, na mayai yake hubandikwa majanini juu ya maji. Asichanganywe na jirani yake mwenye kugonga mfululizo, tak-tak-tak-tak, mpaka ukajiuliza atapumua lini. Huyo wa pili, Afrixalus fornasini, ana desturi mbili za kutazamwa. Hutaga mayai juu ya jani la nyasi, kisha hulikunja jani lenyewe na kulibandika kwa utomvu hata likawa mkoba. Lakini yeye aliyejua kuyaficha ya kwake hali mayai ya wenzake kwa kificho: amekutwa mara nyingi akiyala ya vyura wengine yaliyoachwa wazi.

Mitini hutoka sauti chache, dhaifu, zisizo na mpango, na msikilizaji mgeni huzipuuza. Asizipuuze. Ndipo alipo chura wa povu, Chiromantis xerampelina, ambaye katika jua la kiangazi hukaa tawini au chini ya mapaa ya nyumba, mwili umegeuka karibu mweupe, akivumilia ukavu ambao ungewaua wenzake. Mvua zikija, jike hushika tawi lililoinama juu ya dimbwi, hutoa majimaji, naye pamoja na madume kadhaa huyachapa kwa miguu ya nyuma hata yakaumuka kuwa povu jeupe kubwa kuliko ngumi. Nje hukauka na kuwa gamba, ndani hubaki na unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Povu hilo ni ushahidi wa mchana, usiohitaji sikio. Lihesabu, lipime kwa macho kimo chake juu ya maji, wala usilitoboe.

Baada ya kuyatenga matabaka, ndipo useme habari ya mvua. Mlio mmoja mmoja wa mitini na wa Kassina nyasini, dimbwi lingali kavu, maana yake ni kwamba hewa imelowa. Si zaidi ya hapo. Mkoromo wa yule chura wa vipele ni shahidi dhaifu, maadamu yeye hulia popote penye maji ya kutosha, hata ya bomba lililopasuka, na mkulima atakayefukia mbegu zake kwa ushahidi huo huenda akazinunua tena. Mtetemo wa chura mweusi na kubweka kwa yule mnene, vikisikika pamoja usiku mmoja, ni shahidi mwenye nguvu kwamba mvua imenyesha ya kujaza madimbwi. Na hapo matete yote yanapolipuka, usiku baada ya usiku, kwa majuma, jua kwamba maji yamekaa na majani yamesimama. Fahari hiyo hupungua kadiri kipupwe kinavyokaribia, na kufikia Julai wengi wa walioimba wamerudi mafichoni. Sisemi kwamba haya yatachukua nafasi ya utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa; utabiri huo huzungumzia mkoa, na chura huzungumzia dimbwi lake.

Kumtafuta mwimbaji kwa macho kuna hila yake. Chura hulia pua na kinywa vimefungwa, akiisukuma hewa kutoka mapafuni kupita kooni hadi katika kifuko cha ngozi chini ya kidevu, na kuirudisha. Kifuko hicho huikuza sauti na kuitawanya pande zote, hata sikio likadanganyika juu ya mahali. Basi simameni wawili, mmeachana hatua tano au sita, kila mmoja anyooshe mkono kuelekea sauti ilipo, na mahali mikono miwili inapokutana ndipo alipo. Sogea anapolia, simama anaponyamaza. Ukifika karibu washa tochi yenye mwanga mdogo kwa muda mfupi, ukitafuta mng'ao wa kifuko kilichovimba, ambacho kwa chura mdogo huweza kuwa kikubwa karibu sawa na mwili wake.

Usimshike pasipo haja. Mkono uliopakwa dawa ya mbu ni sumu kwake, kwa sababu ngozi yake hunywa kila kinachoigusa. Na chura wa vipele ana tezi nyuma ya macho zenye sumu, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kujipangusa uso. Wala usimchukue kutoka bwawa hili kwenda lile kwa nia yoyote njema. Mwaka 1922 huyo huyo chura wa vipele alipelekwa Mauritius ili asaidie kuangamiza wadudu waharibifu, akaenea kisiwa kizima, na hadi leo yumo. Tena iko kuvu ya ngozi inayoua vyura katika mabara kadhaa, ambayo husafiri kwa tope na maji. Ilikutwa mwaka 2003 kwa vyura wadogo wa Kihansi, kule Udzungwa, ambao makao yao yalikuwa yamekwisha kunyimwa manyunyu ya maporomoko na bwawa la umeme, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliobaki walikuwa wakitunzwa katika bustani za wanyama za Marekani, na wazao wao walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kwa hiyo ukitoka dimbwi moja kwenda jingine sugua mabuti, uyakaushe juani.

Shika daftari. Andika tarehe, saa, mvua ya mwisho ilinyesha lini, kimo cha maji kwa kijiti ulichokisimika, na sauti ulizosikia kwa matabaka yake. Usiposikia kitu, andika hivyo pia. Simu ya mkononi hurekodi sauti vizuri kwa kazi hii, maadamu uiweke chini na kuiacha, badala ya kuishika na kuihemea. Robert Marsham, bwana mmoja wa Norfolk huko Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika tarehe za dalili za machipuko, mlio wa vyura ukiwa mojawapo, na watu wa ukoo wake wakaiendeleza kazi hiyo hadi mwaka 1958. Thamani ya daftari lile haikutokana na elimu kubwa bali na kutokuacha. Mswahili anayeishi Marekani, upande wa mashariki na kaskazini, naye aweza kufungua lake: mwezi Machi au Aprili, theluji ikiwa bado vivulini, atasikia milio myembamba ya pip, pip ya chura wa gramu chache, Pseudacris crucifer, na pamoja nayo sauti kama za bata, ambazo ni za chura wa msituni ambaye majira ya baridi aliganda, moyo ukasimama, sukari ya mwilini ikizilinda chembe zake zisipasuke, kisha akayeyuka na kuanza kuimba.

Limebaki tabaka la tano, nalo halimo bwawani. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania yuko chura mdogo mno, Mertensophryne micranotis, ambaye hutaga katika maji kidogo yaliyokusanyika penye tundu la mti, ndani ya gamba la konokono mkubwa, au katika kifuu cha nazi kilichotupwa. Ukipita msituni masika yakiwa yameshika, inama uchungulie vifuu vilivyolala kifudifudi na vilivyolala chali; hivi vya pili, vikiwa na maji, vitazame kwa kurunzi pasipo kuvigusa, na ukiona viluwiluwi vyenye kitu kama taji kichwani, andika mahali hapo katika daftari, na umwombe mwenye mnazi asivikusanye vifuu hivyo kwa kuni hadi mvua ziishe.